Somo la 14: Mtoto Huyu Tumwite Nani?

Ndugu msomaji, siku hizi vijana wetu wanaoana na watu wa makabila mengine. Msukuma anamwoa Mjaluo. Mhaya anaolewa na Mdigo. Wanakutana shuleni, kazini, sokoni na mashambani. Wanapendana, wanajenga nyumba. Ni jambo jema.

Lakini mtoto akizaliwa, swali huzuka. Apewe jina la kwa nani? La kwa baba, au la kwa mama? Swali hili laonekana dogo, lakini limeleta ugomvi katika nyumba nyingi. Tulisome polepole.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Baba ni Msukuma wa Magu. Mama ni Mjaluo wa Rorya. Wanakaa katika kijiji kando ya Ziwa Viktoria. Mama amejifungua mtoto wa kike. Siku hiyo mvua kubwa ilinyesha.

Bibi mzaa baba anakuja. Anampakata mtoto na kusema, "Huyu ni Kabula."

Siku ya tatu anakuja bibi mzaa mama. Naye anampakata mtoto na kusema, "Huyu ni Akoth."

"Mkwe," anasema bibi mzaa baba, "mtoto ni wa ukoo wetu. Mahari tulitoa."

"Mkwe," anajibu bibi mzaa mama, "mahari hainunui jina. Binti yangu ndiye aliyeona uchungu."

Basi wakwe wananuniana. Baba hataki kumwudhi mama yake. Mama naye hataki kumwudhi mama yake. Wiki zinapita. Kwenye kadi ya kliniki, mahali pa jina ni patupu. Mtoto ana miezi miwili sasa, naye anaitwa "Mtoto" tu.

Msomaji, je, hapa nani anaumia? Bibi wote wawili wana majina yao. Baba na mama wana majina yao. Asiye na jina ni mtoto.

ULIZENI MAANA KWANZA

Kabla ya kugombania jina, ulizeni maana yake.

Kwa Kisukuma, mvua ni mbula. Mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Kabula. Akiwa wa kiume huitwa Mabula.

Kwa Kijaluo, mvua ni koth. Mtoto wa kike wa mvua huitwa Akoth. Akiwa wa kiume huitwa Okoth.

Umeona? Bibi hawa wawili wanagombana, kumbe wanasema neno moja. Wote wawili wanamwita mtoto huyu binti wa mvua.

Tena si wao peke yao. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, siku ya mvua. Wazee wake, Wazanaki, walimwita Kambarage. Hilo lilikuwa jina la mzimu wa mvua. Jina la Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Basi Wasukuma, Wajaluo na Wazanaki wote hutazama mawingu mtoto anapozaliwa. Mkulima hawezi kuisahau mvua.

TAZAMA HERUFI YA KWANZA

Sasa wewe unajua kusoma. Tazama majina haya ya Kijaluo:

Achieng – Ochieng (aliyezaliwa jua likiwaka)
Atieno – Otieno (aliyezaliwa usiku)
Akinyi – Okinyi (aliyezaliwa asubuhi)

Herufi ya kwanza inakwambia kama ni mwanamke au mwanamume. A ni ya kike. O ni ya kiume. Ukijifunza jambo hili, majina ya jirani yako hayatakuwa mageni tena.

Huko pwani nako yapo majina ya siku. Mwajuma alizaliwa Ijumaa. Mwanaidi alizaliwa wakati wa Idi. Kila kabila lina hekima yake katika kutoa majina. Hakuna jina la kishenzi.

JINA LISIMSHUSHE MTOTO

Mwimbaji maarufu Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja. Wazazi wake walimpa jina la Mtumwa. Baadaye aliimba mpaka sifa zake zikavuka bahari. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, nchi ya India, kurekodi nyimbo zake katika santuri. Watu hawakumwita Mtumwa tena. Walimwita Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Jina hilo ndilo linalokumbukwa mpaka leo, ingawa alifariki mwaka 1950.

Siti alipata jina jipya kwa jasho lake. Si kila mtoto atapata bahati hiyo. Tabu, Shida, Mashaka: majina haya husimulia matatizo ya wazazi. Mtoto hubebeshwa matatizo hayo maisha yake yote. Fikiri kwanza.

NJIA ZA KUPATANA

Watu wana njia nyingi. Hizi ni baadhi yake.

1. Zamu. Kwa Wakikuyu wa Kenya, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Zamu inajulikana, kwa hiyo ubishi unapungua.

2. Jina la Kiswahili. Wengine huchagua Neema, Rehema, Upendo au Tumaini. Pande zote mbili zinaelewa.

3. Majina mawili. Moja linaandikwa, jingine linaitwa nyumbani.

Turudi kwenye mfano wetu. Baba na mama wanakaa wawili kwanza. Wanazungumza mpaka wanapatana. Kisha wanawaita bibi wote wawili. Baba anamwambia mama yake:

"Mama, tazama jina kamili la mtoto. Jina la pili litakuwa langu. Jina la tatu litakuwa la babu yake, mume wako. Majina mawili tayari ni ya kwetu. Mkwe wetu anaomba moja tu. Tumeamua kuandika Akoth. Wewe mwite Kabula, naye ataitika."

Bibi ananyamaza kidogo. Kisha anauliza, "Huyo Akoth ni mvua kweli?"

"Ni mvua, mkwe," anajibu mwenzake.

"Basi mvua ni mvua. Mleteni mjukuu wangu."

Msomaji, wazee lazima wasikilizwe. Lakini wenye kuamua ni baba na mama, wote wawili. Mama si mgeni katika jina la mtoto wake.

JINA LIANDIKWE

Mkishapatana, msikae. Kwa sheria ya Tanzania Bara, mtoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa. Mwaka 2013 ulianzishwa mpango, kwanza Mkoa wa Mbeya, wa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 5 karibu na nyumbani. Wanaandikishwa kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Cheti hutolewa bila malipo. Mpango huo umeenea katika mikoa mingine. Ulizia kwenye kata yako.

Jina liandikwe vilevile kila mahali. Karani huandika anachosikia. Wewe unasema Akoth. Mmoja ataandika Akoti, mwingine Akothi. Binti akimaliza shule, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha shule kinasema vile. Ataambiwa alete hati ya kiapo. Hapo patatoka fedha, na siku zitapotea.

Kwa hiyo liandike jina mwenyewe kwenye karatasi. Mpe karani alitazame. Akimaliza kuandika, soma herufi moja moja kabla hujaondoka. Zamani ulitegemea macho ya mtu mwingine. Leo una macho yako.

MANENO YA KUJIFUNZA

bibi mzaa baba, bibi mzaa mama, ukoo, mahari, cheti, karani, kuandikisha, hati ya kiapo

TUJADILIANE DARASANI

1. Kwa nini bibi wawili walinuniana? Walipatana kwa njia gani?
2. Baba alisema majina mawili tayari ni ya kwao. Je, unakubaliana naye? Toa sababu.
3. Katika kabila lako, nani humpa mtoto jina? Mama ana sauti?

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika jina lako kamili. Andika nani alikupa, na maana yake. Kisha chukua kadi ya kliniki au cheti cha mtoto wako. Soma jina herufi moja moja. Je, ni sawa?