Mama Mzazi na Mama Mlezi: Mtoto ni wa Nani?

Lugha yetu ina methali mbili ambazo ukizifungia chumba kimoja zitapigana hadi asubuhi. Ya kwanza ni Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ya pili, Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwenye mdahalo sisi huchagua moja na kuitetea kwa kelele. Lakini jaji aliyeletewa mtoto mmoja na mama wawili, aliyemzaa na aliyemlea, hawezi kumaliza mambo kwa methali.

Kwanza tutenganishe maneno, maana wengi huyachanganya. Mama wa kambo ni yule aliyeolewa na baba yako. Mlezi amekabidhiwa mtoto akae naye, lakini mzazi bado ni mzazi mbele ya sheria. Kuasili ni jambo jingine kabisa: mahakama ikishatoa amri ya kuasili, haki za mzazi wa kwanza hukatika. Kesi ngumu huzuka hapo katikati, mtoto akikaa kwa mlezi miaka mingi bila kuasiliwa.

Hebu tuitazame moja ya kweli, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1969. Vitabu vya sheria huiita J dhidi ya C, kwani majina yalifichwa. Mvulana alizaliwa huko mwaka 1958, wazazi wake wakiwa Wahispania waliokwenda kutafuta kazi. Mama akapatikana na kifua kikuu, na kitoto kichanga kikapelekwa kulelewa katika nyumba ya Waingereza. Baadaye wazazi walirudi naye Uhispania, lakini afya yake ikazorota, na mwaka 1961 akarudishwa kwa walezi wale wale. Miaka ikapita. Hali ya wazazi ikawa nzuri, nao wakamtaka mwana wao.

Sasa hapo mbaya ni nani? Hakuna! Mama hakumtupa mtoto, aliugua. Hata mahakama haikuwaona wazazi hao kuwa na dosari. Hata hivyo Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, liliamua kijana abaki kwa walezi. Alikuwa na miaka kumi, amekua kama Mwingereza, na kumng'oa kungemuumiza. Haki ya mzazi haikufutwa, ila ilitiwa kwenye mizani pamoja na mambo mengine, na ustawi wa mtoto ukatangulizwa.

Mimi hukumu hiyo hunikereketa kidogo. Kila mwezi kesi inapokokotwa, mizizi ya mtoto huzidi kushika kule aliko. Mama maskini anatafuta nauli ya kufika kortini, na huku siku zinahesabiwa upande wa mwenzake. Basi ni haki kweli ashindwe na kalenda? Lakini nikijiweka mahali pa mtoto, naona jambo tofauti. Mtoto wa miaka minne hajui cheti cha kuzaliwa ni kitu gani. Anamjua anayeamka usiku akikohoa.

Hapa kwetu Kenya, kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo muhimu kupita yote. Sheria ya Watoto ya 2022 imeshikilia uzi huo huo, na inataka mtoto naye asikizwe kulingana na umri wake. Tena si lazima mmoja apate vyote na mwingine atoke mikono mitupu. Mahakama inaweza kumwachia huyu malezi na kumpa yule nafasi ya kumwona mtoto.

Kwa hiyo wakili akisimama na kuuliza mtoto ni wa nani, ameanza vibaya. Hakimu atataka kujua mengine: analala wapi, anasoma wapi, nduguze wako na nani, humlilia nani akiumia, na yeye mwenyewe anasemaje.