Metali Nzito katika Chupa za Vinywaji

Swali: Chupa ya kioo yenye maandishi ya rangi imepimwa kwa mashine ya eksirei. Rangi hiyo ina risasi miligramu 80,000 kwa kilo. Je, kinywaji kilichomo kina sumu? Eleza.

Ukijibu "ndiyo" haraka, umepoteza alama. Soma tena: kilichopimwa ni rangi ya nje, si kinywaji. Kiasi chenyewe ni kikubwa kweli, asilimia 8 ya uzito wa rangi, wala hakikubuniwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walitangaza kukuta kiasi kama hicho katika mapambo ya chupa za mvinyo.

Eksirei huonyesha metali iliyomo, haionyeshi inayotoka. Kupima inayotoka, jaza chombo asidi ya asetiki ya asilimia 4 (siki ya jikoni hukaribia hapo), kiache saa 24 kwenye nyuzijoto 22, kisha pima risasi na kadimiamu ndani ya asidi hiyo. Maji matupu hayafai, kwani soda na juisi zina asidi, nayo huyeyusha metali zaidi.

Risasi iliyo ndani ya kioo imeshikwa na silika, hutoka kidogo sana. Rangi ya nje ndiyo inayobanduka, na watoto huweza kuokota vipande.

Jaribu: Mtoto amemeza kipande cha rangi hiyo chenye gramu 0.05. Amemeza risasi kiasi gani? (Jibu: miligramu 4.)