SOMO KWA WANANCHI: BUIBUI MGENI NA ULINZI WA VISIWA

Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, katika mambo ya kilimo na mazingira, wako wageni ambao wakishaingia huwa wenyeji, na mwenyeji asipone. Somo hili linaeleza habari za mgeni mmoja wa aina hiyo, buibui mkubwa aitwaye Joro, ambaye ameenea katika majimbo ya kusini mashariki ya Marekani. Limeandikwa kwa watumishi wa Serikali wanaohudumu bandarini, viwanja vya ndege, mashambani na maskulini, na kwa wakaazi wote wa Unguja na Pemba, kwa sababu njia aliyopitia buibui huyo ni njia ile ile inayoleta bidhaa katika visiwa.

Maumbile na maisha yake

Asili ya Joro ni Japani, Korea, China na Taiwan. Jina lake la kitaalamu ni Trichonephila clavata. Jike lina kiwiliwili cha kiasi cha milimita 17 hadi 25, na akinyoosha miguu anaweza kujaza kiganja cha mtu mzima. Rangi yake ni manjano yenye mistari ya buluu iliyofifia, na chini ya tumbo ana alama nyekundu. Dume ni mdogo sana, mwenye rangi ya hudhurungi, na mara nyingi huonekana pembeni mwa utando wa jike.

Utando wake hung'aa kama dhahabu ukipigwa na jua. Hutandwa baina ya miti, kwenye nguzo za umeme na kwenye vipenu vya nyumba. Maisha yake ni ya mwaka mmoja. Watoto huanguliwa wakati joto linapoanza, hukua hadi kufikia utu uzima, na majike hutaga kabla ya baridi kali kuwaua. Kifuko kimoja huweza kuwa na mayai mia nne au zaidi.

Msomaji na afanye hesabu. Ikiwa katika mayai hayo yote ni majike matano tu ndiyo yanayosalimika na kuzaa, basi kutokana na jike mmoja, baada ya miaka sita yatakuwepo majike 15,625. Kwa hivyo mgeni wa namna hii huwa haonekani kabisa kwa miaka michache, kisha huonekana kila mahali.

Alivyofika na alivyoenea

Buibui huyo alitambuliwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 2014, kaskazini mashariki ya jimbo la Georgia, na taarifa ya kitaalamu ikachapishwa mwaka 2015. Inaaminika kuwa aliingia miaka michache kabla ya hapo, akiwa amejificha ndani ya kontena la bidhaa kutoka Asia. Hakuna aliyemleta kwa makusudi, na hakuna aliyemwona akishuka. Alipotambuliwa, alikuwa tayari yumo katika wilaya tatu zinazopakana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kuwa amekwishaenea katika eneo linalozidi kilomita za mraba 120,000. Alionekana pia Maryland, na mwaka 2024 katika mji wa Boston, mbali sana upande wa kaskazini.

Husafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya maumbile: watoto waliotoka katika mayai hupanda mahali pa juu, hutoa uzi mwembamba na kuchukuliwa na upepo. Ya pili ni ya binadamu: buibui au kifuko cha mayai hunata kwenye gari, trela, mbao au chungu cha miche, kikasafirishwa maili nyingi kwa siku moja. Upepo humpeleka jirani. Gari humpeleka jimbo jengine.

Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Georgia walimlinganisha na buibui wa jamaa yake aliyetangulia kuishi kusini mwa Marekani. Walikuta kuwa mapigo ya moyo wa Joro huzidi kwa asilimia 77 anapopatwa na baridi, na kwamba husalimika zaidi katika jalidi ya muda mfupi. Hiyo ni dalili kuwa anaweza kuishi mbali zaidi na joto la kusini.

Uvumi na ukweli

Magazeti kadhaa ya Marekani yaliwatia watu hofu kwa kutangaza kuwa buibui wakubwa wenye sumu watashuka kutoka angani. Habari hiyo si sahihi. Wanaobebwa na upepo ni watoto wadogo mno. Buibui aliyekomaa haruki. Joro anayo sumu kama walivyo takriban buibui wote, lakini meno yake ni dhaifu na sumu yake haina hatari kubwa kwa mtu mwenye afya. Zaidi ya hayo ni mwoga: katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2023, Joro waliopulizwa kwa hewa walibaki wamejikunyata bila kusogea kwa zaidi ya saa nzima.

Madhara yanayohofiwa ni ya namna nyengine. Uchunguzi umeonesha kuwa pale Joro walipokaa kwa muda mrefu zaidi, buibui wa asili wanaotanda nyuzi ni wachache. Kuonekana kwa mambo mawili pamoja si ushahidi kamili kuwa moja limezaa jengine, lakini ni onyo linalostahiki kuzingatiwa. Kwa upande wa pili, Joro hula pia wadudu waharibifu wa mazao. Kwa hivyo mizani ya faida na hasara haikamiliki kwa siku moja, na wakati inapimwa, mgeni anazidi kuzaa.

Funzo kwa visiwa vyetu

Zanzibar haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kunguru aliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji. Alizaliana, akala mayai na makinda ya ndege wa asili na vifaranga vya wafugaji, kisha akavuka bahari na kuenea Bara. Katika miaka ya 1990 ilifanyika kazi kubwa ya kumpunguza Unguja na idadi yake ikashuka sana. Kazi ilipokatika, akarudi. Baadaye alikuja nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, ambaye ni hasara kwa kila mwenye mwembe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Inafaa pia kufahamu kuwa buibui wakubwa wenye utando wa dhahabu, wa jamaa moja na Joro, ni wenyeji wa Afrika Mashariki na visiwa vya magharibi ya Bahari ya Hindi. Huko Madagaska uzi wa zaidi ya buibui milioni moja ulifumwa nguo ya rangi ya dhahabu, iliyooneshwa New York mwaka 2009. Mwenye kumuua buibui wa shambani kwa uvumi wa mambo ya Georgia, atakuwa amemwadhibu mwenyeji kwa kosa la mgeni, na mbu na nzi ndio watakaofurahi.

Mambo ya kuzingatia

(a) Miche, mbegu, matunda na udongo visiingizwe nchini bila ya kukaguliwa, hata vikiwa vichache mfukoni.

(b) Wanaofungua makontena na maboksi ya bidhaa watazame pembe, mbao na vifungashio kabla ya kuvitawanya.

(c) Mdudu au mmea usiozoeleka usihamishwe mahali ulipo. Apewe habari sheha au bwana shamba wa eneo hilo.

(d) Buibui wa kawaida wa mashambani wasiuliwe bila ya sababu.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini Joro alikuwa ameshaenea kabla ya kutambuliwa?
2. Kunguru aliletwa kwa makusudi na Joro kwa bahati mbaya. Je, tofauti hiyo inabadilisha wajibu wa wananchi?
3. Ni bidhaa gani zinazoingia katika shehia yako ambazo zinaweza kumficha mgeni asiyealikwa?