Kupakia na Kusasisha Data katika Kache Iliyosambazwa: Mfano wa Gitega na Muyinga

Kache iliyosambazwa ni hifadhi ya data inayokaa katika kumbukumbu kuu za seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Kila seva, iitwayo nodi, hubeba sehemu tu ya data, na programu huitafuta rekodi kwa ufunguo wake badala ya kuirudia hifadhidata iliyo kwenye diski. Funguo hugawanywa katika mafungu yenye idadi isiyobadilika, ambayo katika programu ya kache ya Redis Cluster ni 16,384 na katika ile ya Apache Ignite ni 1,024 mtumiaji asipoteua nyingine, kisha mafungu hayo ndiyo yanayogawiwa nodi, ili nodi mpya inapoongezwa yahame mafungu machache bila data yote kuvurugwa.

Ugumu wa kupakia na kusasisha kache kama hiyo huonekana wazi pale data ya msingi inapobadilika yote kwa mkupuo, kama ilivyotokea Burundi. Sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa kwenye uchaguzi wa Juni 2025, ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Mkoa wa Muyinga uliunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa Buhumuza, ingawa jina la Muyinga limebaki kwa tarafa na kwa mji. Mkoa wa Gitega nao ulibaki na jina lake huku ukimeza Karuzi, Muramvya na Mwaro. Kwa mhandisi wa data, badiliko la Gitega ni la hatari zaidi kuliko la Muyinga, kwa sababu ufunguo wa Muyinga ukikosekana programu hulalamika, ilhali ufunguo wa Gitega hujibu bila kusita na kutoa orodha ya tarafa iliyokwisha kupitwa na wakati.

Ndiyo maana jambo la kwanza ni kuchagua ufunguo usiotegemea jina. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika pia nchini Burundi, hukipa kila kituo cha afya na kila eneo kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, hivyo kituo kinaweza kuhamishiwa mkoa mwingine bila utambulisho wake kubadilika.

Kupakia ni kuijaza kache iliyo tupu, na kosa la kawaida hapa ni kuandika rekodi mojamoja, kwa kuwa kila rekodi hulipia safari nzima ya mtandao. Inafaa rekodi zikusanywe katika vifurushi kulingana na nodi zinakoelekea. Kila nodi pia inaweza kujipakia yenyewe kutoka kwenye hifadhidata, lakini katika Ignite, isipoelekezwa kusoma mafungu yake tu, itasoma jedwali zima na kutupa rekodi zisizo zake, hivyo nodi nne zitaisumbua hifadhidata mara nne kwa kazi ileile. Zaidi ya hayo, kipakiaji cha mkondo cha Ignite, kisiporuhusiwa waziwazi, hakiandiki juu ya ufunguo uliokwisha kuwapo. Anayekiendesha tena ili kuingiza mikoa mipya ataona kazi imekwisha bila hitilafu, huku Gitega ya zamani ikiwa bado palepale.

Kusasisha ni kazi nyingine kabisa. Kwa badiliko dogo, kama kituo kupewa jina jipya, utaratibu salama ni kuandika kwanza kwenye hifadhidata, kisha kufuta ufunguo kwenye kache, ili msomaji anayefuata alete thamani mpya. Hata hivyo, msomaji aliyechukua thamani ya zamani kabla ya badiliko anaweza kuirudisha kwenye kache baada ya ufutaji, kwa hiyo kila rekodi inapaswa kubeba namba ya toleo, na kache ikatae toleo dogo kuliko lile la mwisho inalolijua, hata kama thamani yenyewe imefutwa. Kwa badiliko la mti mzima wa maeneo, kufuta funguo zote kwa pamoja kungeielekeza kila programu kwenye hifadhidata kwa wakati mmoja na pengine kuilemea. Bora seti mpya ipakiwe pembeni chini ya toleo lake, ihesabiwe, ithibitishwe kuwa ina mikoa 5 na tarafa 42, ndipo kielekezi kimoja kihamishwe kutoka toleo la zamani kwenda jipya.

Linabaki suala la umbali. Si busara kulitandaza kundi moja la nodi kati ya miji ya Gitega na Muyinga, kwa kuwa kila uandishi ungesubiri mtandao wa mbali, na kiungo kikikatika kila upande ungeweza kudhani mwenzake amekufa. Nodi zote na zikae Gitega, na Muyinga iwe na kache ya karibu, yaani nakala ndogo ya data isomwayo mara nyingi, inayopokea ujumbe kila rekodi inapobadilika. Ujumbe wa namna hiyo katika Redis, ukitumwa kwa njia yake ya matangazo, haumngojei asiyekuwapo. Kwa hiyo, kiungo kinaporudi, kache ya Muyinga inapaswa kuuliza namba ya toleo la Gitega kabla ya kumjibu yeyote, na kila rekodi iwe na ukomo wa muda, ili hata swali hilo lisipoulizwa, data ya zamani isidumu.