SOMO: BASTOLA ILIYOLOWA MAJI YA MAFURIKO NA NAMNA YA KUITENGENEZA

Watumishi wa Serikali waliokabidhiwa silaha kwa kazi zao, na wananchi wenye leseni ya kumiliki bastola, wanaletewa somo hili ili wafahamu la kufanya pindi silaha inapofikwa na maji ya mafuriko. Somo linawahusu pia wasimamizi wa maghala na vyumba vya vielelezo, kwani maji yanapoingia katika jengo hayachagui mali ya mtu na mali ya umma.

Mfano wa Mji wa New Orleans

Tarehe 29 Agosti, 2005 kimbunga kilichopewa jina la Katrina kiliupiga mji wa New Orleans, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani. Matuta ya kuzuia maji yalibomoka, na kiasi cha asilimia 80 ya mji kikafunikwa. Zipo sehemu zilizokaa chini ya maji kwa wiki kadhaa. Miongoni mwa vilivyozama ni chumba cha vielelezo vya kesi za jinai, ambacho kilikuwa katika ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo la mahakama. Silaha, nyaraka na vitu vingine vilivyosubiri kuletwa mbele ya hakimu vililowa maji machafu yaliyochanganyika na matope.

Bastola iliyo kielelezo si kipande cha chuma tu. Huenda ikawa ndiyo ushahidi pekee unaomtia mtu hatiani au unaomwachia huru. Hali kadhalika, bastola ya askari ni amana ya Serikali, na siku atakapoihitaji hatakuwa na nafasi ya kujaribu kama inafanya kazi. Kwa hiyo utunzaji wake baada ya mafuriko ni jambo la haki na la uhai.

Kutu Huanzaje

Watu wengi hudhani kwamba maji ndiyo yanayokula chuma. Ukweli ni kwamba kutu huhitaji vitu viwili kwa pamoja, yaani maji na oksijeni iliyomo hewani. Chumvi nayo huiongezea kasi kazi hiyo. Silaha iliyozama ndani ya matope hupata oksijeni kidogo. Inapotolewa ikiwa bado imelowa, hewa huifikia kwa wingi, na kutu huweza kuonekana katika muda wa saa chache. Hivyo basi, saa za mwanzo baada ya kuopolewa ndizo zinazoamua kama silaha itapona au itaharibika.

Aidha, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana springi hukwama, skurubu hukataa kufunguka, na sehemu zilizokuwa zikiteleza hushikana. Chuma kisichoshika kutu upesi nacho hakikingiki kabisa, kwani chumvi hukitoboa vishimo vidogo vidogo. Bastola yenye fremu ya plastiki bado ina mtutu, springi na pini za chuma ndani yake.

Hatua ya Kwanza: Usalama

Kila bastola iliyoopolewa ihesabiwe kuwa ina risasi ndani yake mpaka ithibitike vinginevyo. Mdomo wa mtutu uelekezwe mahali pasipo na mtu, na kidole kisiguse kifyatulio. Magazini itolewe kwanza, kisha chemba ifunguliwe na kutazamwa kwa macho. Ikiwa ni bastola ya silinda, tundu zote za silinda zikaguliwe. Silaha iliyokwama isilazimishwe kwa nyundo wala koleo. Ipelekwe kwa fundi wa silaha aliyeidhinishwa, naye aarifiwe kwamba haijulikani kama imo risasi.

Maji ya mafuriko huwa na uchafu wa vyoo na mafuta, kwa hiyo mhusika avae glavu. Namba ya silaha iandikwe kabla ya kazi yoyote kuanza, na picha ipigwe ikiwezekana.

Hatua ya Pili: Kuosha Kabla ya Kutia Mafuta

Kosa linalotendwa na wengi ni kuimwagia silaha mafuta mara tu inapopatikana. Mafuta yanayopakwa juu ya matope na chumvi huvifungia ndani, na kutu huendelea chini yake bila ya kuonekana. Utaratibu unaofaa ni huu ufuatao:

1. Silaha ifunguliwe kwa kadiri mwongozo wa mtengenezaji wake unavyoruhusu, na vibao vya mpini vitolewe.

2. Kila sehemu ioshwe kwa maji safi mengi yasiyo na chumvi, na tope litolewe kwa brashi laini. Ikiwa silaha ililowa maji ya bahari, maji yabadilishwe mara kadhaa.

3. Sehemu za chuma zifutwe kwa kitambaa kikavu, na maji yaliyojificha kwenye tundu yapulizwe kwa hewa.

4. Papo hapo yatiwe mafuta mepesi yenye uwezo wa kusukuma maji. Baada ya hapo mafuta hayo yafutwe, na silaha ipakwe mafuta yake ya kawaida kwa utando mwembamba.

5. Mbao zikaushwe polepole kivulini. Zikianikwa juani au karibu na moto hupasuka.

6. Silaha ikaguliwe tena kesho yake, na mara nyingine baada ya siku chache. Kutu ikijitokeza upya, ni dalili kwamba chumvi au unyevu umebaki, na kazi irudiwe tangu kuosha.

Hatua ya Tatu: Kuondoa Kutu Iliyokwisha Kuingia

Kutu nyepesi ya juu huondoka kwa mafuta na pamba laini ya chuma, ikisuguliwa bila ya pupa. Msasa na tindikali visitumike. Vitu hivyo huondoa rangi nyeusi inayokinga chuma, na huweza kufuta namba ya silaha. Katika nchi nyingi kufuta namba hiyo ni kosa la jinai.

Mafundi wana njia ya zamani ya kuchemsha sehemu za chuma ndani ya maji safi. Kutu nyekundu hugeuka kuwa nyeusi, ambayo hushikamana na chuma na kukikinga, kisha vumbi lake hupigwa brashi laini. Kazi hiyo hufanywa baada ya silaha kufunguliwa yote, nayo ni ya fundi.

Hata hivyo, kutu iliyokwisha kuchimba vishimo haiwezi kurudisha chuma kilicholiwa. Mtutu wenye vishimo virefu au springi iliyolika huweza kung'arishwa ukapendeza, lakini nguvu yake imepungua. Silaha inayong'aa si lazima iwe silaha salama. Fundi ndiye atakayeamua iwapo itumike, ibadilishwe sehemu, au iondolewe kabisa katika matumizi.

Risasi Zilizolowa

Kuhusu risasi hapana mashauri mawili. Taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi nchini Marekani, iliyoundwa mwaka 1926 na kujulikana kwa kifupi kama SAAMI, inaonya kwamba risasi zilizozama katika mafuriko zisitumike. Kuzikausha hakusaidii, kwani maji huweza kupenya kwenye fataki au baruti bila ya kuacha alama yoyote nje.

Hatari kubwa si risasi inayokataa kulia. Hatari ni ile inayolia kwa nguvu ndogo, ikasukuma kichwa chake hadi katikati ya mtutu kikakwama humo. Mpigaji akipiga ya pili, mtutu huweza kupasuka mkononi mwake. Risasi za namna hiyo zitengwe na kukabidhiwa polisi. Zisichomwe moto, zisizikwe na wala zisitupwe baharini.

Silaha Iliyo Kielelezo

Maelezo ya kuosha na kutia mafuta hayahusu bastola inayotakiwa katika uchunguzi au kesi. Silaha inayoopolewa majini kwa ajili ya uchunguzi huwekwa ndani ya chombo chenye maji yale yale iliyokutwa nayo, ili hewa isiifikie mpaka imfikie mchunguzi. Anayeisafisha kwa nia njema huenda akafuta alama ambazo mahakama ingezihitaji. Mtumishi anayeikuta silaha asiyoijua aiache mahali ilipo na aarifu polisi mara moja.

Mambo ya Kukumbukwa

Vyumba vya kuhifadhia silaha na vielelezo visiwekwe sehemu ya chini kabisa ya jengo mahali ambapo maji huingia. Orodha ya namba za silaha iwe na nakala inayohifadhiwa katika jengo jingine. Katika visiwa, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi mwaka mzima, silaha isihifadhiwe ndani ya mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu.

Wananchi na watumishi wote wenye leseni wanakumbushwa kwamba silaha iliyopotea au kuharibika kwa mafuriko iripotiwe katika kituo cha polisi kilicho karibu. Bastola iliyozama isipigwe hata risasi moja ya majaribio kabla ya fundi aliyeidhinishwa kuikagua na kuthibitisha kuwa ni salama.