SOMO LA UFUNDI: KUTOBOA UKUTA MNENE WA MAWE ILI KUWEKA ROBINE YA NJE



Mtaa wa Rwezamenyo, kama jirani zake Nyamirambo na Kimisagara, umejengwa mtelemkoni. Nyumba haiwezi kukaa mlimani bila kushikwa. Kwa hiyo misingi na kuta za kuzuia udongo hujengwa kwa mawe na saruji, na juu yake ndipo hupanda matofali. Mtu akitaka bomba la nje, ambalo wengi mjini Kigali huliita robine, mara nyingi hana njia ila kupitisha paipu katika ukuta huo.

Kazi yenyewe huonekana ndogo: tundu moja tu. Lakini katika tundu hilo yamo mambo matatu yawezayo kumdhuru mfanyakazi na jirani zake, nayo ni vumbi, umeme na maji. Somo hili lafundisha jinsi ya kuyatawala yote matatu. Hatuliandiki kwa mafundi wa maji peke yao. Kila kiwanda kina ukuta, kila shamba lina bomba, na kila mahali pana msimamizi asemaye, "Maliza upesi!"

1. KABLA YA KUSHIKA MASHINE

Kwanza tujue mahali pa kuunga. Paipu ya robine ya nje huungwa baada ya mita, si kabla yake. Bomba la umma hadi kwenye mita ni la shirika la maji, ambalo hapa Rwanda ni WASAC tangu mwaka 2014. Fundi akiambiwa na mwenye nyumba aunge kabla ya mita, akatae. Ikigunduliwa, yeye ndiye atakayeonyeshwa kidole.

Pili, tupime unene wa ukuta kwenye mlango au dirisha. Kisha tuchague alama moja inayoonekana pande zote mbili, kwa mfano kona ya dirisha, na tupime kutoka hapo ndani na nje. Bila alama hiyo tundu litatokea mahali pasipotakiwa.

Tatu, tuangalie yaliyomo ukutani. Waya wa umeme mara nyingi hushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, kwa hiyo tusitoboe chini wala juu yake. Tusitoboe karibu na kona, wala chini ya boriti inayobeba uzito. Kama ukuta ni wa kuzuia udongo, tusiguse matundu madogo ya kutolea maji yaliyoachwa na mjenzi.

Nne, tuchague kiungo cha saruji kati ya mawe, wala si jiwe lenyewe. Saruji hukubali biti upesi kuliko jiwe, na jiwe likipasuliwa halishiki tena wenzake.

2. KUTOBOA

Tundu lielekezwe chini kidogo kwa upande wa nje. Mvua ikipiga ukuta, maji yatarudi nje badala ya kuingia nyumbani.

Tuanze na biti nyembamba na ndefu, ya milimita 8 au 10. Hiyo ndiyo inayofungua njia. Biti nene ifuate baadaye. Paipu ya chuma ya nusu inchi ina upana wa nje wa milimita 21 hivi, lakini tundu la milimita 21 halitoshi. Paipu yafaa ivishwe paipu nyingine ya plastiki iliyo pana zaidi, ili saruji isiile chuma, na siku ya kuibadilisha tusivunje ukuta upya. Basi tuchague kwanza paipu ya kuvisha, kisha biti inayolingana nayo.

Mashine ishikwe kwa mikono miwili, kwa mpini wake wa pembeni. Miguu ikae imara, na asiwepo mtu wa kutoboa akiwa ameegemea ngazi. Kila baada ya sentimita chache biti itolewe nje ili vumbi litoke na chuma kipoe. Biti ikikwama, mashine hugeuka yenyewe na huweza kuvunja kifundo cha mkono. Hapo tuachie swichi mara moja, tusishindane nayo.

Ukuta mnene wa mawe mara nyingi una nyuso mbili nzuri, na katikati umejazwa vipande na vifusi. Biti ikifika hapo hupotea njia au hutumbukia ghafula. Ni dalili ya kupunguza nguvu. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua jambo hili, maana kuta za huko ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na pigo zito huangusha kipande kikubwa kuliko tundu lililokusudiwa.

Biti nyembamba ikishatokea upande wa pili, tusiendelee kusukuma ile nene kutoka ndani hadi nje. Tuanze kila upande, tukutane katikati. Tukipiga kwa nguvu hadi mwisho, uso wa nje hubomoka.

3. VUMBI

Ndugu, hapa ndipo wengi hudharau. Vilima vya Kigali vina mawe magumu ya kwatzi, na mawe hayo yamejaa silika. Tukitoboa, silika huwa vumbi laini ambalo jicho haliwezi kuliona lote. Huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na aliye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Historia imetuonyesha gharama yake. Mwaka 1930 na 1931, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, wafanyakazi walichimba handaki la maji mahali paitwapo Hawk's Nest. Jiwe lilikuwa na silika nyingi. Walitoboa bila maji ya kutuliza vumbi, ili kazi iende mbio, na hawakupewa vizuizi vya kupumulia. Wengi wao walikuwa Waamerika weusi waliotoka mbali kutafuta riziki. Walikufa kwa mamia. Mwaka 1936 bunge la Marekani lilisikiliza ushahidi wa jambo hilo.

Tundu moja si handaki. Lakini fundi hatoboi tundu moja maishani mwake. Leo hapa, kesho kule, na mapafu ni yale yale. Kwa hiyo:

(a) Tuvae barakoa ya vumbi inayobana uso vizuri, yenye alama FFP2 au FFP3. Kitambaa kilichofungwa mdomoni huzuia vumbi nene tu; lile la hatari hupita.

(b) Tuvae miwani ya kazi, na tuzibe masikio.

(c) Tufungue madirisha, na watoto watolewe karibu.

(d) Vifusi vilowanishwe kabla ya kufagiwa. Kufagia vikavu ni kulirusha vumbi tena hewani.

(e) Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba.

4. UMEME

Mtu aweza kusema, "Kama maji hutuliza vumbi, basi tumwagie maji tunapotoboa." La! Mashine ya kawaida ya umeme isimwagiwe maji kamwe. Maji hutumika tu kwa mashine iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Waya wa mashine uwe mzima, usio na viraka, na upite mbali na maji. Soketi iwe na swichi inayokata umeme mara unapovuja. Maji ya nyumba yafungwe na paipu zimwagwe kabla ya kuanza. Mvua ikinyesha, kazi ya nje isimame.

Pasipo umeme salama, tindo na nyundo bado vinafaa. Ni kazi ya polepole, lakini ukuta unaweza kulowanishwa bila hofu.

5. MAJI

Ndani ya nyumba tuweke koki ya kufungia, mahali mkono unapofika. Nje, robine ifungwe ukutani kwa nguvu, ili mtu akivuta mpira wa maji asiitikise paipu. Kabla ya kuziba tundu tufungue maji na tungoje saa nzima, tukikagua kila kiungo. Tone dogo linalovuja nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo hulowesha udongo siku baada ya siku. Udongo uliolowa ni mzito. Huusukuma ukuta hadi ukatokeza tumbo, na walioko chini ya mtelemko ndio huangukiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa neno kwa ndugu zetu wa mashambani. Msiache kamwe ncha ya mpira wa maji ikiwa imezama katika pipa la dawa ya kunyunyizia. Maji yakikatika, na hasa pale robine ilipo juu mlimani, paipu huweza kuvuta nyuma. Dawa ya pipa huingia katika maji ya kunywa ya kambi nzima. Robine ya nje iwekwe vali isiyoruhusu maji kurudi, na ncha ya mpira ibaki juu ya pipa, hewani.

6. NANI ALIPE?

Barakoa, miwani, vali na saa moja ya kukagua vina bei, na msimamizi atasema bei hiyo ni kubwa. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kwa hiyo tupatane kabla ya kuanza: vifaa gani, muda gani, nani ananunua. Mkiwa wawili au watatu, semeni pamoja. Anayesema peke yake huambiwa ni mwoga au mvivu. Wanaosema pamoja husikilizwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

1. Mahali petu pa kazi, ni kazi zipi hutoa vumbi la mawe, saruji au matofali? Nani huvaa barakoa, na ni ya aina gani?

2. Je, kila robine iliyo karibu na dawa ina vali ya kuzuia maji kurudi? Nani ataikagua wiki hii?

3. Msimamizi akisema, "Maliza upesi," tutamjibu nini, na tutamjibu kwa pamoja namna gani?

Tawi lizungumze maswali haya na kuandika majibu yake. Mwakilishi wa tawi ayapeleke kwa mwajiri kabla ya kazi nyingine ya kutoboa kuanza.