Glavu za Wodini Hazizuii Umeme

Hospitalini glavu zimejaa kila kona, na hapo ndipo fundi umeme anapojidanganya. Anachomoa jozi kwenye boksi la wodini, anavaa, anafungua bodi ya swichi. Glavu zile ni za kuzuia damu na vijidudu. Ni nyembamba, ncha ya waya huzitoboa, na hazikupimwa kwa umeme.

Tafuta glavu za mpira za mafundi umeme, zilizoandikwa daraja lake karibu na mdomo. Daraja 00 hazizidi volti 500, daraja 0 hufika volti 1,000. Kwa volti 230 za kwenye soketi, na hata 400 za fezi tatu, 00 zinatosha. Mimi ningechukua 0, ingawa unene wake hukera unaposhika skrubu ndogo. Juu yake vaa glavu za ngozi, maana mpira ukichanika ndiyo basi. Kabla ya kuvaa, kunja mdomo wa glavu kuelekea vidoleni ili hewa inaswe ndani, iminye, isogeze shavuni. Ukihisi upepo unapenya, ikate kabisa asije mwingine akaiokota. Mafuta, grisi na jua huuozesha mpira. Na kwa kuwa glavu zinazotumika hupimwa upya kila miezi 6, nunua jozi mbili.

Vua pete, saa na mnyororo wa kitambulisho. Vaa pamba, si poliesta, ambayo huyeyukia mwilini shoti ikilipuka. Kwenye bodi kuu ongeza kinga ya uso. Viatu viwe vya soli isiyopitisha umeme, tena vikavu; sakafu za hospitali hupigwa deki kutwa.

Hata hivyo, vifaa hivi huja baada ya kuzima umeme, si badala yake. Mwulize kwanza muuguzi wa zamu nani anategemea mashine. Kisha zima, piga kufuli, tundika kibao. Jenereta ya hospitali huweza kujiwasha yenyewe umeme ukikatika, na sola na betri nazo hazijui kuwa umezima swichi kuu, kwa hiyo funga kila njia. Jaribu kipimio chako penye umeme, pima unapofanyia kazi, kisha kijaribu tena. Mashine ya eksirei na ya kushtua moyo huhifadhi chaji hata zikichomolewa. Mwachie fundi wa vifaa tiba.

Nawe mganga mfawidhi, fundi akija mikono mitupu, usimpe ufunguo wa chumba cha umeme.